Je, Kiziwi Arudishiwe Neno Tu, au na Wimbo Pia?



Mithali za wazee wetu husifu sikio linalosikia neno. Asiyesikia la mkuu, wanasema, huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mtoto hufundishwa hivyo tangu mdogo: sikio ni la kupokea amri, shauri na onyo. Mithali hizi ni za kweli. Lakini zaweza kutusahaulisha kwamba sikio lile lile lina kazi nyingine, nayo ni kupokea wimbo. Kwa hiyo mtu akipungukiwa masikio, sisi tulio karibu naye twafikiri upesi juu ya neno, wala hatufikiri juu ya wimbo.

Jambo lenyewe hutokea hivi. Tuseme kuna mzee katika parokia, aliyefundisha korali miaka thelathini. Masikio yake yamechakaa. Watoto wake walio Lubumbashi, Bukavu na hata Ulaya wanachanga pesa, wanamnunulia vyombo vidogo vya kuvaa masikioni. Siku ile nyumba nzima inafurahi: baba anaitika salamu, anajibu swali, hasemi tena "Unasema nini?" mara tatu. Lakini Dominika korali ikianza kuimba, mzee anakunja uso. Sauti za wanawake zinamfikia kama bati linalokwaruzwa. Kinanda kinatetemeka kama kinapigwa ndani ya maji. Ngoma ikiingia, sauti zote zinavunjika. Mzee anavitoa vyombo vyake, anavitia mfukoni. Nyumbani anawaambia watoto kwamba vyombo hivi havijui wimbo. Nao wanamjibu: "Baba, si unatusikia tukisema? Yatosha. Unataka nini zaidi?"

Swali letu la leo ndilo hilo. Je, mzee huyu anataka kupita haki yake? Wimbo ni mahitaji ya mtu, ama ni anasa tu? Na sisi tunaomsaidia, tuna wajibu wa kumrudishia nini?

1. Sikio na chombo

Tuanze kwa kuelewa jambo lilivyo, maana mtu hawezi kuamua haki ya jambo asilolijua.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Inaingia sikioni, inagonga ngoma ya sikio, inapita katika vifupa vitatu vidogo kuliko vyote vya mwili, halafu inafika ndani kabisa, katika kijumba kilichojizungusha kama nyumba ya konokono. Mle ndani mnakaa chembe hai zenye vinywele, zipatazo 15.000 hivi katika kila sikio. Ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa, hazioti tena. Zinaharibiwa na uzee, na kelele za mashine, na ugonjwa kama meninjiti, na hata dawa fulani za sindano zilizotumiwa kuponya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana uziwi unaohitaji matunzo. Basi mzee wetu si peke yake.

Mara nyingi vinavyokufa kwanza ni vile vinywele vya sauti nyembamba. Ndiyo sababu mzee husema: "Nasikia kwamba unasema, lakini sijui unasema nini." Anasikia a, e na o, s, f na t zinampotea. Chombo cha masikio kilitengenezwa hasa kuponya shida hiyo. Kina maikrofoni ya kupokea sauti, kina mashine ndogo ya kuipima na kuigeuza, na kina kipaza sauti kidogo cha kuipeleka sikioni. Tangu mwaka 1996 viliuzwa vyombo vinavyofanya kazi hiyo yote kwa hesabu, kama kompyuta, navyo vinazidi kuwa na akili. Lakini akili yake ni ya kutafuta neno.

Sasa tuone kwa nini akili hiyo inashindwa na wimbo.

Kwanza, nguvu ya sauti. Watu wakiongea kwa kawaida, sauti yao ni kama desibeli 65. Mtu akipiga kelele, hufika kama 85. Lakini korali yenye ngoma na vipaza sauti hupita 100 kwa urahisi. Na tujue kwamba kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi. Vyombo vingi vilipangwa kupokea neno tu. Ni kama debe la lita ishirini: ukimimina lita ishirini na tano, zile tano zinamwagika. Sauti inayopita kipimo cha maikrofoni inakatwa na kupotoshwa mlangoni, kabla mashine haijafanya kazi yake. Kupunguza sauti baadaye hakusaidii kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pili, chombo kinajaribu kuondoa kelele. Kinajuaje kwamba hii ni kelele? Kinaangalia kama sauti inakaa pale pale bila kubadilika, kama motokari au mashine ya kusaga. Neno la mtu hupanda na kushuka upesi. Lakini korali inaposhika sauti ndefu mwishoni mwa Amina, au kinanda kinaposhikilia sauti moja, chombo kinadhani ni mashine ya kusaga, nacho kinaipunguza.

Tatu, chombo kinazuia mluzi. Ninyi mnaoishi na wazee wenye vyombo hivi mnaujua mluzi ule unaotoka sikioni. Kuuzuia, chombo kinatafuta sauti nyembamba iliyonyooka, nacho kinatoa sauti ya kuiua. Basi filimbi ikilia, au sauti ya kwanza ikipanda juu, chombo kinaishambulia kama mluzi. Ndipo kunatokea ule mtetemo kama wa ndani ya maji.

Nne, vyombo vingine huzichukua sauti nyembamba ambazo mzee hazisikii tena, vinazishusha chini anapoweza kuzisikia. Kwa neno ni msaada, maana ile s iliyopotea inarudi. Kwa wimbo ni hasara: sauti iliyohamishwa haipatani tena na wenzake.

Hatusemi haya kuwalaumu waliovitengeneza vyombo. Neno ndilo la kwanza. Mtu asiyesikia neno hakingwi na hatari barabarani, hawezi kuelewana na mganga, hujitenga na jamaa yake. Kuanza na neno ni utaratibu wa haki. Shida inatokea pale tunapofikiri kwamba neno likirudi, kazi imekwisha.

2. Wanaosema: wimbo ni anasa

Wako wanaosema: "Neno ni chakula, wimbo ni sukari. Mtu hafi kwa kukosa sukari."

Tuwajibu kwanza kwa lugha zetu wenyewe. Katika nchi yetu ya Kongo, lugha nyingi, kama Kiluba na Lingala, hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mmisionari Mwingereza John Carrington, wa madhehebu ya Wabaptisti, aliyeishi miaka mingi karibu na Kisangani, aliandika mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma zinazosema. Alionyesha kwamba kwa Walokele neno lile lile lisaka laweza kuwa dimbwi la maji, au ahadi, au sumu, kadiri sauti inavyopanda. Kwa sababu hiyo ngoma ya mti yenye sauti mbili iliweza kupeleka habari kutoka kijiji hata kijiji. Ilipeleka ule mpando na mshuko tu, na watu walielewa. Kwa babu zetu, basi, mpaka kati ya neno na wimbo haukuwa ukuta. Anayesema "tumrudishie neno, wimbo tuuache" anakata kitu ambacho midomo yetu haijakikata.

Tuwajibu pia kwa maisha yetu. Mtoto akizaliwa, tunaimba. Bibi arusi akitoka kwao, tunaimba. Maiti ikilala ndani ya nyumba, usiku kucha tunaimba, na mfiwa anajua kwamba hayuko peke yake kwa sababu ya sauti zile zinazomzunguka, si kwa sababu ya maneno ya hekima. Mtu anayesikia maneno yote ya kilioni lakini nyimbo zinamfikia kama makopo yanayogongana, amekaa kati ya ndugu na hayumo. Je, hiyo ni kukosa sukari?

Tena tuwajibu kwa imani yetu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturjia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba wimbo mtakatifu ulioungana na maneno ni sehemu ya lazima ya liturjia ya fahari, wala si pambo la kubandikwa juu yake. Sisi wa Kongo tulikuwa tumekwisha kulionja jambo hilo. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji, pamoja na waimbaji wake, walitoa Missa Luba, na ulimwengu ukasikia Kirie na Gloria zikiimbwa kwa namna ya kwetu. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ambamo wimbo na mwendo wa mwili vina mahali pao. Mzee aliyefundisha korali alikuwa mtumishi wa kazi hiyo. Akiomba kuusikia wimbo, haombi kujifurahisha tu. Anaomba kurudi mahali pake katika sala ya watu wa Mungu.

Lakini tusifiche kwamba jambo hili lina upande wa pili, nao ni mzito. Mtakatifu Augustino aliufikiri. Katika kitabu chake cha Maungamo anakumbuka jinsi alivyolia machozi aliposikia nyimbo za Kanisa huko Milano, wakati wa ubatizo wake mwaka 387. Hata hivyo aliogopa utamu ule. Alijiuliza kama sikio lake halikufurahia sauti kuliko maneno ya Mungu yaliyoimbwa, akafikiri hata kuuondoa wimbo kanisani. Mwishoni alikubali kwamba wimbo ubaki, maana kwa furaha ya sikio moyo dhaifu huinuliwa. Anatufundisha kwamba wimbo si Mungu, na kwamba mtu aweza kuupenda vibaya. Lakini kitu kinachoweza kupendwa vibaya hakiwi kibaya kwa hiyo. Hata mkate waweza kupendwa vibaya.

3. Wanaosema: kuna wafukara

Wengine wanasema kwa nguvu zaidi: "Bei ya vyombo hivi yapita mshahara wa mwalimu wa miezi mingi. Watoto wa jirani wamefukuzwa shuleni kwa kukosa pesa. Ni haki kutafuta chombo cha kusikilizia nyimbo?"

Swali hili halijibiwi kwa neno jepesi. Katika Injili twasoma kwamba huko Betania Maria alimpaka Yezu marashi ya bei kubwa, na Yuda akanung'unika kwamba yangeuzwa dinari mia tatu wakapewa wafukara. Wakristu wengine hutumia habari hiyo kila mara wanapotaka kununua kitu cha fahari. Tusifanye hivyo. Maria hakujipaka mwenyewe, alimtolea Bwana. Habari ile haimpi ruhusa mtu yeyote kujitendea anasa. Inatufundisha jambo jingine: kwamba anayejua bei ya kila kitu huenda hajui thamani yake, na kwamba wafukara hutajwa pengine na mtu ambaye hawapendi.

Basi tufuate utaratibu wa mapendo. Dawa ya mtoto mgonjwa ni kabla ya chombo cha babu. Masomo ya watoto yana haki kubwa. Na ikiwa nyumba yaweza kupata chombo cha neno tu, mzee akipokee kwa shukrani, maana neno ni la kwanza, kama tulivyosema. Mtu asikope deni la kuwafunga watoto wake kwa ajili ya wimbo.

Lakini hapa wengi wanadanganyika katika jambo moja. Wanafikiri kwamba chombo kinachofaa kwa wimbo ni lazima kiwe cha bei kubwa kuliko vyote. Si hivyo. Mara nyingi chombo cha bei kubwa kimejazwa werevu wa kutafuta neno katikati ya kelele, na werevu huo, tumeuona, ndio unaoharibu wimbo. Kinachotakiwa kwa wimbo ni maikrofoni yenye uwezo wa kupokea sauti kubwa bila kuipotosha, na uwezo wa kuzima ule werevu saa ya kuimba. Mara nyingi chombo ambacho mzee anacho tayari chaweza kurekebishwa, asinunue kingine. Basi swali si daima "pesa au wafukara". Mara nyingi lililokosekana si pesa. Hakuna mtu aliyemwuliza mzee anapenda kusikia nini, wala aliyemwuliza fundi kama chombo chaweza kufanya hivyo.

4. Namna ya kuchagua

Yafaa basi tutoe mashauri machache kwa jamaa anayekwenda kumtafutia mzee chombo, ama mjini kwetu, ama kwa njia ya ndugu aliye ng'ambo.

Kwanza, mwambieni mpimaji mapema kwamba mgonjwa ni mwimbaji au mpenda muziki. Asipoambiwa, atapanga neno tu. Mwombeni aweke ndani ya chombo programu mbili: moja ya maongezi, ya pili ya muziki, na mzee afundishwe kugeuza kwa kidole.

Pili, ulizeni kuhusu hiyo programu ya muziki. Je, kuondoa kelele kumezimwa? Kuzuia mluzi kumezimwa au kumelegezwa? Kushusha sauti nyembamba kumezimwa? Maikrofoni inasikia pande zote, si mbele tu? Kubana sauti kubwa kumefanywa kwa upole, ili tofauti kati ya kuimba polepole na kuimba kwa nguvu isipotee? Tena mwulizeni ni sauti ya desibeli ngapi chombo kinapokea kabla ya kuipotosha. Vyombo vinavyopokea desibeli 105 au zaidi vinafaa kuliko vinavyosimama penye 90 au 95.

Tatu, angalieni kiziba kinachoingia sikioni. Kikiwa wazi, sauti nene za chombo zinatoroka. Ngoma na sauti ya nne zinakuwa nyembamba. Kikiziba sana, mzee atasikia sauti yake mwenyewe ikivuma kama ndani ya mtungi. Anayesikia vizuri bado sauti nene aweza kuvaa kilicho wazi. Aliyepoteza nyingi anahitaji kilichoziba.

Nne, msijaribu chombo kwa maneno tu. Mpimaji atauliza: "Unanisikia?" na mzee atajibu ndiyo. Leteni wimbo anaoujua tangu ujana, au kijana mmoja mwenye likembe au filimbi, mzee ausikilize pale pale. Sikio lake la zamani litamwambia kama mambo ni sawa. Halafu arudi baada ya wiki chache, maana ubongo unahitaji muda kuzoea, na jambo lililomchukiza siku ya kwanza laweza kumpendeza siku ya thelathini.

Tano, fikirini juu ya betri. Chombo cha kuchajiwa kila usiku hakifai penye umeme wa kubahatisha. Chombo cha betri ndogo za kubadilisha hakifai ikiwa betri zile hazipatikani karibu. Na unyevu wa mvua na jasho huviharibu vyote. Usiku vikae mahali pakavu.

Na aliye na chombo cha zamani kisicho na programu ya muziki? Akisikiliza redio, apunguze sauti ya redio na kuongeza ya chombo. Hivyo sauti itapita mlangoni bila kumwagika. Kanisani akae mbali na vipaza sauti. Wengine hubandika vipande vidogo vya karatasi ya gundi juu ya maikrofoni saa ya kuimba, ili sauti iingie kwa kipimo. Na yule ambaye uziwi wake si mkubwa, pengine ni heri avitoe vyombo korali inapoimba, avirudishe padri anapohubiri. Mashauri haya hayamnyang'anyi mfukara hata franka moja.

5. Wanaosema: apokee msalaba wake

Wamebaki wale wanaosema kwamba mzee achukue msalaba wake kwa uvumilivu. Uvumilivu ni fadhila kubwa. Lakini ni hatari kumhubiria mwingine uvumilivu kabla ya kumsaidia. Tuone Bwana wetu alivyofanya. Mtakatifu Marko anatusimulia kwamba walimletea kiziwi mwenye ulimi mzito. Yezu hakumwambia avumilie. Alimtenga na kundi la watu, akamtia vidole masikioni, akatazama mbinguni akiugua, akayafungua masikio yake. Tuangalie hasa kule kumtenga. Watu waliomleta walikuwa na ombi lao. Bwana aliacha kelele zao, akawa na yule mtu mmoja. Hivyo ndivyo yatupasa kumwuliza mzee: kando, bila haraka, bila kumjibia. Tena masikio yale hayakufunguliwa nusu, yapokee amri na kukosa zaburi.

Hata hivyo kuna mahali ambapo uvumilivu una saa yake. Chembe zilizokufa hazifufuki kwa chombo chochote. Chombo hukuza sauti. Hakiumbi sikio jipya. Gabriel Fauré, Mfaransa aliyepiga kinanda katika kanisa la Madeleine huko Paris na kutunga Misa ya wafu inayopendwa hata leo, alipata uziwi wa namna mbaya. Sauti hazikupungua tu, bali zile za juu na za chini zilimfikia zikiwa zimepotoka, hazipatani tena. Alikuwa mkuu wa shule kubwa ya muziki ya Paris tangu 1905 hata 1920, naye alizidi kutunga nyimbo ambazo mwenyewe hakuweza kuzisikia sawasawa. Beethoven naye alimaliza Misa yake kuu mwaka 1823 akiwa karibu kiziwi kabisa. Tarehe 7 Mei 1824, huko Vienna, zilipoimbwa sehemu za Misa ile pamoja na simfonia yake ya tisa, mwimbaji mmoja mwanamke alilazimika kumgeuza kwa mkono aone watu wanavyopiga makofi, maana hakuwasikia. Watu hawa walitafuta dawa kadiri ya wakati wao; Beethoven alitumia mabaragumu ya kusikilia. Palipobaki kufungwa, waliendelea kutoa walichokuwa nacho.

Basi kuna mambo mawili ya kukwepa. La kwanza ni kumkatia mzee tamaa mapema na kumwambia yatosha. La pili ni mzee mwenyewe kutafuta chombo juu ya chombo, akidhani kipo kimoja kitakachomrudishia masikio ya ujana. Hakipo. Kikirekebishwa vizuri, wimbo utarudi, lakini si wimbo ule ule. Ajifunze kuupokea hivi unavyokuja, na mahali sauti isipofika, kumbukumbu yake iimbe.

6. Wajibu wa wenye masikio mazima

Tusimalize bila kujitazama sisi wenyewe. Tunawanunulia wazee vyombo, na huku tunatengeneza viziwi vya kesho. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba sikio laweza kuvumilia desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Zikiwa 90, saa 4 tu. Na sisi tunawaweka watoto wa korali mbele ya vipaza sauti vinavyotikisa madirisha, tukidhani kwamba Mungu husikia zaidi tukipiga kelele zaidi. Mwenye kusimamia mashine kanisani ana deni kwa masikio yale. Akipunguza sauti, anawafaa watatu: mtoto ambaye vinywele vyake havitaota tena, mzee ambaye chombo chake hakiwezi kupokea zaidi, na yule anayetaka kusali.

Mwalimu wa korali naye aweza kufanya kitu. Amwite mzee siku ya mazoezi, pasipo vipaza sauti, waimbaji wachache wakimzunguka karibu. Wamwimbie polepole na kumwuliza anasikia nini. Huenda huko ndiko atakakopima chombo chake vizuri kuliko mahali pote.

Siku ya ubatizo wetu wengi wetu tuliguswa masikio na padri, kwa mfano wa kiziwi yule wa Injili, ili tusikie Neno la Mungu. Na Neno hilo Kanisa halikulisoma tu hata siku moja. Tangu mwanzo liliimbwa. Kwa hiyo, wewe uliye na mzazi au jirani asiyesikia vema, ukiisha kumsikilizisha jina lake na habari za nyumbani, usiondoke bado. Mwulize ni wimbo gani anaukosa. Akikutajia, umwimbie karibu na sikio, halafu mwende pamoja kwa mpimaji mkaseme habari ya wimbo huo.